Sabuni Juu ya Chaki

Wangeci Mbuthia alikuwa ameshamaliza machozi. Alilia jana kutwa, akalia usiku, na Ijumaa hiyo asubuhi alipotolewa seli na kuketishwa kwenye chumba cha mahojiano, macho yake yalikuwa mekundu na makavu, sweta amelivaa nyuma mbele bila habari, viatu havina kamba kwa kuwa kamba huchukuliwa mlangoni. Inspekta Nzisa Kasyoki alimtazama akamwonea huruma, kisha akajikaripia. Hakuna hakimu aliyewahi kupokea huruma kama ushahidi.

Mambo yalikuwa hivi, na hayakuwa mazuri. Juzi alasiri, kwenye karakana moja ya mtaa wa Kabiria, bawa la kinu cha upepo lilivunjika likiwa katika majaribio. Kipande kikapasua dirisha la kioo, kikamkata shingo Isaiah Muthama, fundi wa pale. Hakufa papo hapo. Daktari alisema alikaa na roho yake kwa muda, na kwamba mtu angekuwepo wa kumbana lile jeraha kwa kitambaa na kupiga kelele za msaada, pengine leo angekuwa hospitalini akidai uji.

Bawa lilichorwa na Wangeci. Mkurugenzi wa kampuni yenye karakana hiyo, Wainaina Muigai, alikuwa ameandikisha taarifa kituoni kwamba alimkataza mhandisi wake asilijaribu, naye akakaidi. Yeye mwenyewe, alisema, alishinda ofisini, mtaa wa Hurlingham. Mkuu wa kituo akaona mambo yameiva. Nzisa asipoleta jipya kabla ya chakula cha mchana, msichana anapandishwa kizimbani alasiri hiyo hiyo kwa kuua bila kukusudia. Mkuu huyo hakupenda kesi zinazokaa sana jikoni.

"Nieleze tena," Nzisa alisema. "Polepole. Mimi upepo naujua wa kukausha nguo tu."

Wangeci akaeleza. Upepo ukipita juu ya bawa hulifuata mgongo, na hapo ndipo bawa linapopata nguvu ya kuzunguka. Lakini bawa likiinama vibaya upepo hubanduka, na ukishabanduka hausukumi tena, unatikisa. Dawa yake ni kupuliza hewa kidogo kutoka ndani ya bawa, kupitia matundu ya mgongoni, ili upepo mkubwa ushikiliwe usibanduke. Hapo kampuni nzima ilikuwa kitu kimoja. Ugomvi ulikuwa umbo la matundu. Wainaina alitaka ya duara, maana ndiyo aliyowaahidi wageni wenye mtaji waliokuwa waje wiki hii. Wangeci alitaka mianya, mirefu na myembamba.

"Kwani tofauti iko wapi? Hewa si hewa?"

"Si hewa tu, Madam. Leta mkono."

Wangeci alikunja midomo duara, akapuliza kiganja cha Inspekta. Kisha akaibana midomo ikawa mstari, akapuliza tena.

"Ya kwanza imekudunga mahali pamoja, sindio? Ya pili imelala. Tundu ya duara inatoboa upepo inaenda zake, huku kando inaacha mapengo. Mwanya inatandaza kama shuka. Na pampu yetu ni ndogo, haina nguvu ya kuchezea."

Nzisa alibaki akikitazama kiganja chake. Miaka yote polisi, hajawahi kupulizwa na mshukiwa.

Tena matundu yenyewe hayakuwa kwenye bawa, Wangeci aliendelea. Yalikuwa kwenye ubamba wa alumini, mrefu kama mkono wa mtu na mwembamba kama rula, unaofungwa kwa skrubu juu ya bawa. Ukitaka umbo jingine, unabadilisha ubamba tu. Zilikuwepo bamba mbili. Wa mianya ulikutwa kwenye bawa lililovunjika. Wa duara haukuonekana.

"Mkurugenzi anasema mianya ndiyo ilidhoofisha bawa," Nzisa alisema. "Kama karatasi iliyotobolewa ili ikatwe."

"Anajua si kweli. Ubamba haubebi chochote, ni kifuniko. Na mianya nilijaribu mimi asubuhi, haki ya nani, bawa ikatulia tuli. Nikaenda Kinoo kwa mamangu. Bawa yenye imetulia asubuhi inavunjika aje alasiri, na upepo ni ule ule?"

Nzisa alimwuliza wanaonaje upepo, kitu kisichoonekana. Kwa chaki, alijibiwa. Chaki ya buluu inasagwa, inachanganywa na mafuta taa, inapakwa juu ya bawa. Upepo unaiburuta, mafuta taa yanakauka, chaki inabaki ikionyesha upepo ulikopita. Kazi hiyo ilikuwa ya Isaiah, naye alikuwa na sheria zake.

"Kwanza unajaza sabuni ya mche kwa vichwa vya skrubu, usawazishe na kidole. Chaki ndiyo ya mwisho. Ukisahau sabuni anakugombeza mpaka ujute. Alikuwa anasema skrubu bila sabuni ni jipu kwa mgongo wa bawa. Sisi wote tumeizoea, hata bosi." Hapo sauti yake ikakatika, na machozi aliyodhani yameisha yakarudi.

Nzisa alimtuma Koplo Nzomo akachunguze habari za Hurlingham, kisha akampigia Wainaina simu amkute Kabiria na funguo.

*

Karakana ilikuwa banda refu la mawe, polisi mmoja langoni, na nyuma mlango mwingine wa kuelekea mtoni. Tangu juzi, mwili ulipoondolewa na damu kuoshwa, hakuna aliyeruhusiwa kuingia. Wainaina Muigai alifika na suti ya kijivu na adabu nyingi. Alimpa pole ya kazi, akamfungulia, akamfutia benchi kwa leso yake ili aketi. Nzisa hakuketi. Mwanamume anayekufutia benchi kwa leso, mama yake alimwambia zamani, mwangalie mkono wa pili unafanya nini.

Handaki la upepo, lile la kujaribia mabawa, lilijaza banda lote. Mbele lilianza na sanduku la mbao lililofunikwa bati, kubwa kama kibanda cha kuuzia sukumawiki, mdomo wake ukiwa umezibwa na wavu wa chuma wa kuzuia paka na shuka la pamba la kuchuja vumbi la Kabiria. Nyuma ya shuka kulikuwa na ukuta wa mirija ya soda, maelfu, iliyopangwa na kulazwa tabaka juu ya tabaka ili kunyoosha upepo. Kutoka hapo sanduku lilizidi kuwa jembamba hadi kwenye chumba cha kioo lilipokuwa bawa, na mwisho kabisa ikakaa feni.

Kioo kilikuwa hakipo. Chini yake sakafu ilikuwa imeoshwa, lakini saruji haisahau damu haraka hivyo.

Nzisa aliwasha tochi akaliangalia bawa, nusu iliyobaki. Ubamba wa mianya ulikuwa umefungwa vizuri kwa skrubu, ncha yake imepinda pale bawa lilipokatika. Sabuni kwenye vichwa vya skrubu ilikuwa nyeupe, safi. Akaiona, akapita. Kilichomkamata ni chaki. Nyuma ya kila mwanya mmoja mrefu kulikuwa na mikia mingi ya buluu, mkia na pengo, mkia na pengo, kama nywele zilizopita chanuo.

Alikunja midomo duara akapuliza kiganja. Akaibana, akapuliza tena.

"Kuna shida, Madam Inspekta?"

"Hii chaki," alisema, "imeandikwa na matundu ya duara. Na ubamba ni wa mianya."

Wainaina alisogea, akatazama, akacheka kidogo kwa pua. Chaki huchuruzika ovyo, alisema, mtu asiye wa fani asiitilie maanani. Wangeci alikuwa msichana wa bidii lakini wa haraka. Nzisa alimwuliza ubamba wa duara uko wapi. Pengine Wangeci aliutupa, akasema, maana aliuchukia kama nini.

Basi Nzisa akaanza kupekua. Rafu, mapipa, chini ya benchi, nyuma ya kompresa. Wainaina alimfuata hatua kwa hatua akimsaidia, akimwinulia vitu vizito, akisema hakuna, hata hapa hakuna. Likabaki sanduku. Ubavuni lilikuwa na mlango mdogo wa bati wenye komeo la kuinuliwa, wa kuingilia wakati wa kufagia.

"Humo hakuna kitu ila vumbi na mirija," Wainaina alisema. "Utaharibu nguo, Madam."

"Nguo hufuliwa."

Mlango ulikuwa juu kidogo, lazima upande kwa mikono miwili. "Nikushikie tochi," akasema yule bwana, na Nzisa, mpelelezi mzima, akampa. Alipanda, akaingia kwa magoti, akageuka na kunyoosha mkono kuipokea. Mlango ukafungwa usoni pake. Akasikia komeo likianguka.

*

Tuseme ukweli, Nzisa aliogopa. Humo ndani mlikuwa na giza la chungu, na juu ilikuwa chini sana hata asiweze kusimama wima. Aliupiga mlango kwa bega, kwa kisigino, kwa ngumi. Akatoa simu yake kuukuu isiyo na tochi, kioo kikatoa mwanga wa kijani wa kuonyesha kucha zake na basi, na bati halikupitisha mtandao hata kidogo. Akapaza sauti kumwita yule polisi wa langoni.

Jibu lilikuwa feni. Ilianza kwa mguno, ikapanda, ikawa mngurumo uliomeza sauti yake yote, na upepo ukaingia kupitia mirija ukampiga usoni, baridi, bila kupumzika. Sasa hata angelia kama mbuzi wa sikukuu hakuna ambaye angesikia.

Akaketi. Akajitukana kwa Kikamba, kwa utaratibu, kuanzia kichwani hadi miguuni. Ujinga wa kumpa mtu tochi! Nzomo alikuwa Hurlingham, na njia ya Kawangware wakati huo ilikuwa na msongamano wa kumtoa mtu imani. Kule kituoni mkuu alikuwa anaangalia saa. Gari la mahabusu likiondoka, Wangeci anaondoka nalo, na aliye na neno la kumwokoa amefungiwa ndani ya sanduku la mirija.

Kwa nini amfungie? Hilo alianza kulitafuna kwa kuwa hakuwa na jingine la kutafuna. Mtu hafungii polisi kwa kupenda. Wainaina alikuwa mtulivu karakana nzima, kwenye rafu, kwenye mapipa. Utulivu ulimwishia hapa tu, pale mkono uliponyooshwa kuitaka tochi. Maana yake hakuogopa Nzisa kuingia. Aliogopa mwanga kuingia.

Kwa hiyo kilikuwa humu.

Akapapasa sakafu kona hadi kona. Vumbi. Akapapasa ukuta wa mirija. Vinywa vya mirija, vingi visivyo na mwisho, vyote sawa. Angeweza kukesha hapo akipapasa. Ndipo akakumbuka kiganja na pumzi za Wangeci. Alilamba kiganja chake chote, kama mtoto alambavyo sahani, akakiweka mbele ya mirija na kukipitisha polepole. Upepo wa matundu ya duara ulimdunga ubaridi, tone kwa tone, kiganja kizima. Juu, baridi. Katikati, baridi. Akalamba tena. Chini, karibu na kona ya kushoto, ubaridi ukakatika.

Akarudi nyuma, akarudia. Palikuwa na mstari, mrefu kama mkono wa mtu, ambapo mirija haikupumua. Mtu alikuwa ameibonyeza ikafa ili kupenyeza kitu kati ya tabaka mbili.

Kama Wainaina asingewasha feni, Nzisa angepapasa hapo hadi kiama. Lakini mkurugenzi huyo hakuwahi kuamini kwamba hewa inajali umbo la tundu inakopita.

Alijifunga leso mkononi, akaingiza vidole, akavuta. Ubamba ulitoka ukikwaruza. Hakuhitaji macho. Kupitia leso alisikia matundu, moja baada ya jingine, yote ya duara, na mwishoni pindo kali pale ulipokunjwa bawa lilipokatika. Ulikuwa na unga mkavu wa chaki.

Hapo gizani, ubamba mapajani, ile picha ya bawa ikamrudia, na safari hii hakuipita. Sabuni kwanza, chaki mwisho. Ndiyo sheria ya Isaiah. Chaki ikiwa ya mwisho, basi sabuni kwenye skrubu lazima iwe imefunikwa, lazima iwe ya buluu. Ile aliyoiona ilikuwa nyeupe kabisa. Ilipakwa juu ya chaki, baada ya upepo, baada ya kioo kupasuka.

Nzisa alihisi ubaridi ambao haukutoka kwa feni.

Sasa kutoka. Alirudi mlangoni akalamba kiganja tena, mate yameanza kuadimika. Feni ilikuwa inavuta hewa hata kwenye ufa wa mlango, na hewa ya ufa haikuwa kama ya mirija. Hii ililala, nyembamba, mfululizo, ukingo mzima. Aliufuata kutoka chini kwenda juu hadi mahali ilipokatika, pana kama vidole viwili, kisha ikaendelea. Pale palikuwa na chuma kilichoziba. Pale palikuwa na komeo.

Aliupenyeza ubamba kwenye ufa, chini ya pengo hilo, upande usiopinda. Mara ya kwanza uliteleza. Mara ya pili ukanasa, akausukuma juu kwa mikono miwili huku akimwomba Mungu na kumtukana Wainaina kwa pumzi moja. Komeo likainuka. Mlango ukafunguka, na mwanga wa banda ukamwumiza macho kwa uzuri.

*

Wainaina alikuwa amevua koti. Alikuwa ameingiza mabega yote kwenye dirisha lisilo na kioo, kitambaa chenye mafuta taa mkononi, akisugua. Kwa ule mngurumo hakusikia chochote. Nzisa alipita nyuma yake hadi kwenye swichi akaizima feni.

Kimya kikashuka polepole. Wainaina akageuka, na kwa muda alionekana kama mtu aliyeona maiti ikiamka. Kisha adabu ikamrudia, maskini, kwa mazoea.

"Madam, kumbe mlango ulijifunga. Nilikuwa nimewasha ili nikupatie hewa..."

Nzisa aliangalia bawa. Robo tatu ya chaki ilikuwa imefutwa. Aliuweka ubamba wa duara juu ya bawa. Pindo lake likakaa kwenye ule mkato bila kubaki hata nafasi ya unyasi, na mikia ya buluu iliyoanzia kwenye ubamba ikaendelea juu ya ile robo ambayo hakuwahi kuifuta. Ule wa mianya ulikuwa umepindwa mviringo, kazi ya goti la mtu.

Ndipo Nzomo alipoingia, jasho linamtoka, akasema palepale mlangoni kwamba Jackie wa mapokezi alikiri gari la bosi lilikuwa Hurlingham juzi kutwa, lakini bosi mwenyewe hakumwona tangu chakula cha mchana.

Wainaina aliketi kwenye lile benchi alilolifuta. Akasema maneno mengi. Wageni walikuwa waje, alitaka picha za matundu ya duara yakifanya kazi, Isaiah alimwambia bawa linatetemeka apunguze upepo, yeye akaongeza kidogo tu. Kidogo tu. Haikuwa kusudi, ilikuwa ajali.

"Kioo ilikuwa ajali," Nzisa alisema. "Hiyo naamini. Na uliogopa ukabadilisha ubamba, hata hiyo naielewa. Lakini mbona ulijaza sabuni?"

Wainaina alitazama pale kwenye skrubu, kwenye vile vichwa vyeupe, vilivyosawazishwa kwa kidole kimoja kimoja, kama walivyofundishwa. Alivitazama sana.

"Sikujua kama nilijaza," alisema. "Ni mazoea."

"Na Isaiah alikuwa wapi ukijaza?"

Aliangalia sakafu, upande wa lile doa.

"Alikuwa akiniita," alisema.

Nzomo alimshika mkono akamwinua, taratibu, kama mgonjwa. Nzisa aliufunga ubamba kwenye leso, akatoka nje kwenye jua ambako simu ilipata mtandao, akapigia kituo. Gari la mahabusu lilikuwa limewashwa lakini halijatoka langoni. Akamwambia wa zamu amshushe Wangeci Mbuthia, amketishe mahali pa heshima, na amrudishie kamba za viatu vyake.